Kichefuchefu Hakina Shahidi

Kwenye daftari la mgonjwa anayepata tibakemia, kutapika kuna nafasi yake. Nesi huuliza umetapika mara ngapi tangu jana, mgonjwa hujibu mara mbili, mara tano, au sijatapika kabisa, na jibu likaandikwa. Kichefuchefu mara nyingi hakiulizwi, na kikiulizwa mgonjwa hana pa kukishika. Kingi? Cha wastani? Cha tangu alfajiri au cha sasa hivi? Kutapika kuna beseni, kuna harufu, kuna mtu aliyekwenda kumwaga na kusuuza. Kichefuchefu kimo ndani ya mtu mmoja. Aliyekaa pembeni anaona macho yaliyofumbwa, mdomo uliojaa mate, mkono unaosukuma bakuli la uji, na hapo ndipo ujuzi wake unapoishia. Akiwa mpole atasema, "Jitahidi ule kidogo." Akishachoka atasema, "Si hujatapika leo?"

Mama mdogo, aliyetibiwa saratani ya titi Dar es Salaam, alikuwa akisema bora kutapika. Ukitapika, alisema, mwili unatulia kidogo na watu wanakuhurumia. Moyo ukichafuka tu, unabaki na jambo lako peke yako. Wengi waliopitia dawa hizi wangemuunga mkono. Zamani karibu kila aliyepewa sisplatini alitapika, na wapo waliokataa kurudi kwa mzunguko uliofuata huku wakijua kabisa maana ya kukataa. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo ondansetroni ilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990, mambo yalibadilika: kutapika kulipungua sana. Kichefuchefu nacho kilipungua, lakini si kwa kiasi hicho. Leo mtu anaweza kumaliza siku nzima asitapike hata mara moja, na bado asiweze kuinua kichwa kwenye mto.

Nimekaa sana na jambo hili kwa sababu ya kitu kidogo alichofundishwa Mama mdogo na nesi mmoja mtu mzima: kubonyeza mahali fulani kwenye mkono, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Watu wa tiba wanakiita akupresha. Hakihitaji sindano wala mashine, na hakina bei. Kwa sababu hakina bei, ni rahisi kukidharau; na kwa sababu kimetoka China ya kale, ni rahisi vilevile kukikuza kupita kiasi. Nadhani hakistahili yote mawili, na kabla ya kusema kwa nini, lazima nieleze kinachotokea ndani ya mwili dripu inapoanza kutiririka.

Dawa ya saratani inapopita, seli fulani za ukuta wa utumbo mwembamba humwaga serotonini. Serotonini huamsha ncha za neva ya vagasi, neva ndefu inayounganisha tumbo na kichwa, nayo hupeleka habari hadi kwenye shina la ubongo. Huko huko kuna eneo dogo linaloonja damu na kutambua sumu. Amri ya kutapika hutoka hapo. Ondansetroni huziba mlango wa serotonini, na ndiyo maana hufanya kazi vizuri siku ya kwanza. Lakini kuanzia saa 24 baada ya dripu, hasa siku ya pili na ya tatu, mjumbe mwingine anayeitwa sabstansi P hushika zamu, na huyo ondansetroni haimwezi sana. Deksamethasoni husaidia. Aprepitanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, humziba huyo mjumbe wa pili moja kwa moja, ila si kila mgonjwa wa kwetu anayeipata.

Hayo ni ya kutapika zaidi. Kutapika kunaweza kuendeshwa na shina la ubongo peke yake. Hata mtu asiyejitambua hutapika. Kichefuchefu kinahitaji sehemu za juu za ubongo, zile zinazohisi, zinazokumbuka na zinazoogopa. Ndiyo sababu harufu inakiamsha, hofu inakikuza, usingizi unakikata. Na ndiyo sababu, kwa maoni yangu, si ajabu kwamba mguso wa mkono unaweza kukifikia mahali ambapo kidonge kimegota.

Mahali penyewe panapatikana hivi. Mgonjwa ageuze kiganja kiangalie juu. Aweke vidole vitatu vya mkono wake wa pili, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimebanana, kuanzia kwenye mkunjo wa kwanza chini ya kiganja kwenda upande wa kiwiko. Vidole viwe vyake mwenyewe, visiwe vya mjukuu wala vya nesi, kwa sababu kipimo ni cha mwili wake. Pale kidole cha tatu kinapoishia, katikati ya mkono, kuna bonde jembamba kati ya kano mbili. Akikunja ngumi kidogo na kuinamisha kiganja, kano hizo hutokeza kama ana bahati ya kuwa nazo zote. Wapo watu wanaozaliwa bila mojawapo, na kwao bonde hutafutwa kwa kupapasa. Chini yake, ndani zaidi, inapita neva ya kati ya mkono. Wachina wanapaita Neiguan, na vitabu vya hospitali hupaita kituo cha P6.

Kubonyeza kwenyewe ni kwa kidole gumba, kwa nguvu unayotumia kubonyeza embe kujua kama limeiva: upate kuhisi kilicho ndani bila kuumiza ngozi. Unashikilia hapo, au unazungusha taratibu, dakika mbili au tatu, kisha mkono wa pili. Mgonjwa husikia kitu kizito, wakati mwingine ganzi nyepesi inayoshuka kwenye kidole cha kati. Mama mdogo alikuwa anasema, "Hapo hapo, usihame." Ukihama kidogo upande wa kidole gumba anajua, anakurudisha.

China imekitumia kituo hicho kwa karne nyingi, na sisi wa huku hatuna sababu ya kukiona kigeni kabisa. Timu ya kwanza ya madaktari wa China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na za Tanzania Bara zikafuata mwaka 1968. Tangu hapo hazijakoma kuja, na miongoni mwa walivyokuja navyo ni sindano za akupancha. Wapo wazee wa Unguja waliochomwa sindano hizo kwa maumivu ya mgongo kabla neno saratani halijawa la kawaida midomoni.

Lakini aliyepeleka kituo hiki kwenye majarida ya tiba ya Ulaya kwa bidii zaidi alikuwa John Dundee, profesa wa dawa za usingizi katika Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast. Alikuwa mtu wa ganzi na vipimo, si mganga wa mitishamba. Alipotembelea China katika miaka ya 1980 aliona wajawazito wakifundishwa kubonyeza hapo ili kupunguza kichefuchefu cha asubuhi. Aliporudi kwao alianza kupima. Alianza na wanawake waliofanyiwa upasuaji mdogo, kisha wajawazito, kisha wagonjwa wa tibakemia, na hao wa mwisho wengi walikuwa wameshateswa sana na kutapika katika mizunguko iliyotangulia. Sindano ya akupancha kwenye kituo hicho ilileta nafuu, lakini nafuu yenyewe ilidumu kwa muda wa saa 8 hivi. Ndipo yeye na wenzake wakajaribu kuirefusha kwa mkanda wa mpira wenye kifungo cha plastiki, ule unaouzwa kwa wasafiri wa baharini, mgonjwa akitakiwa kukibonyeza kifungo kila baada ya saa mbili. Kwa waliolazwa hospitalini, mkanda ulirefusha nafuu hadi siku nzima. Kwa waliorudi nyumbani, matokeo yalikuwa mazuri ila si kwa kiwango hicho. Sababu waliyoiona ni kwamba wodini palikuwa na madaktari na manesi wenye moyo wa kumhimiza mgonjwa.

Kipande hicho cha mwisho ndicho ninachokirudia kila ninapousoma utafiti huo. Mkanda ulikuwa uleule na kituo kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni mtu wa kuja na kuuliza, umebonyeza?

Jambo jingine alilolionyesha Dundee mwaka 1991, mwaka huohuo aliofariki, ni kwamba mahali hapo pakitiwa ganzi, nafuu haipatikani. Hiyo ilikuwa kwa wagonjwa wa upasuaji, na sindano ndiyo iliyotumika. Hata hivyo inaonyesha kwamba kuna habari inayosafiri kutoka mkononi, kupitia neva, na ikizuiwa njiani haifiki.

Baada yake zilikuja tafiti nyingi, na anayetaka jibu moja hatalipata. Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilikubali kwamba akupancha ya sindano inasaidia kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji na baada ya tibakemia. Mwaka 2003 Joseph Roscoe na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 700 wa Marekani: waliovaa mikanda ya kubonyeza walipata kichefuchefu kidogo zaidi siku ya dripu, na waliotarajia msaada ndio waliosaidika zaidi. Mwaka 2007 Suzanne Dibble wa San Francisco alieleza habari za wanawake 160 wenye saratani ya titi, waliofundishwa kubonyeza kwa kidole badala ya mkanda. Siku ya dripu hapakuwa na tofauti. Siku zilizofuata, zile za sabstansi P, waliobonyeza P6 walikuwa na nafuu kuliko waliobonyeza mahali pengine na kuliko wasiobonyeza kabisa. Kisha Uingereza, mwaka 2013, jaribio kubwa lililoongozwa na Alexander Molassiotis kwa wagonjwa 500 lilimalizika bila kuonyesha tofauti ya uhakika kati ya mkanda wa kweli, mkanda bandia na huduma ya kawaida, ingawa waliovaa mkanda, wa kweli na wa bandia pia, walikuwa na kichefuchefu cha chini kidogo.

Mkanda bandia kukaribia mkanda wa kweli ni habari nzito, na anayeipenda akupresha asiipite haraka. Maana yake huenda mahali penyewe si muhimu kama tulivyoambiwa. Huenda sehemu kubwa ya nafuu inatoka kwenye matumaini na uangalizi, na katika kuwa na la kufanya. Mimi naona tofauti moja ambayo vipimo hivyo vinaigusa kwa mbali tu. Mkanda ukishavaliwa husahaulika, kama kanzu au kitenge. Kidole hakisahauliki. Anayebonyeza lazima asimamishe kingine chote kwa dakika hizo, na kama ni mtu wa pili ndiye anayebonyeza, basi mgonjwa ana mtu uso kwa uso, asiyemlazimisha kula wala kumuuliza maswali. Siwezi kuithibitisha hoja hii. Lakini mapitio ya tafiti yaliyofanywa na shirika la Kochreni mwaka 2006 yalikuta kwamba akupresha ilipunguza ukali wa kichefuchefu siku ya kwanza na haikupunguza kutapika. Kwa msomaji wa haraka hiyo ni nusu ya kushindwa. Kwa Mama mdogo, aliyekuwa hatapiki lakini hali, hiyo ilikuwa nusu aliyoihitaji.

Wapo watakaosema, ikiwa ni matumaini tu, basi si tiba. Nawaelewa. Uvimbe haupungui kwa matumaini, na mtu akidai kwamba unapungua, huyo anaua. Ila kichefuchefu ni kitu anachohisi mtu. Akihisi kimepungua, kimepungua. Hakuna kipimo kingine kilichofichwa nyuma yake ambacho kitamsuta. Hapa neno la mgonjwa ndilo kipimo chenyewe, na tafiti zote nilizozitaja, zile zilizofaulu na iliyoshindwa, mwisho wa yote zilimuuliza mgonjwa na kuandika alichosema.

Nesi aliyemfundisha Mama mdogo alimpa na kazi nyingine. Kabla ya kubonyeza, ataje namba kutoka sifuri hadi kumi, baada ya kubonyeza, ataje tena, sisi tuandike. Mwanzoni tuliona usumbufu. Mtu anaumwa, unamdai hesabu. Lakini alizoea upesi kuliko sisi. "Saba," anasema, macho yamefumbwa. Baadaye, "Tano. Tano na nusu." Siku nyingine ilikuwa nane kabla na nane baada, tukaandika hivyo hivyo. Mwisho wa mzunguko karatasi ilionyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisema kwa mdomo: siku ya dripu ilikuwa afadhali, mbaya zilikuwa ya tatu na ya nne, na usiku ulizidi mchana.

Daktari aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Akaongeza olanzapini ya usiku. Ni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya akili, na mwaka 2016 Rudolph Navari na wenzake walionyesha, kwa wagonjwa 380 wa Marekani, kwamba ikiongezwa kwenye dawa nyingine za kuzuia kutapika, wanaopata siku bila kichefuchefu chochote wanaongezeka. Siku hizi inatengenezwa na viwanda vingi na si ghali. Inaleta usingizi, na Mama mdogo usingizi aliuhitaji. Mzunguko uliofuata namba zake zilishuka. Nani alishusha, kidonge au kidole? Kidonge zaidi, nina hakika. Lakini kidonge kisingeandikwa bila zile namba, na namba zisingekuwepo kama kusingekuwa na kisa cha kukaa naye na kumuuliza.

Ndiyo maana nafikiri akupresha ina nafasi kubwa zaidi huku kwetu kuliko inavyoonekana kwenye majedwali ya tafiti. Mgonjwa wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kuwa ametoka Kigoma, Mtwara au Ruvuma. Anapata dripu yake, anakaa kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto, au anapanda basi kurudi kwao kwa sababu nyumbani kuna watoto na mashamba. Siku mbaya, ile ya tatu na ya nne, inamkuta mbali na wodi, pengine mbali na zahanati. Inamkuta ndani ya basi lenye harufu ya dizeli na samaki wakavu. Alichonacho ni bahasha ya vidonge, ndimu ya kunusa, na mtu aliyemsindikiza. Huyo mtu hajui la kufanya. Amefundishwa kubeba faili, kulipia vipimo, kupanga foleni ya maabara tangu alfajiri. Kwa habari ya kichefuchefu amefundishwa kushika mfuko wa plastiki. Ukimwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba umempa kazi, na mgonjwa akiwa peke yake, mkono wake wa pili unatosha.

Tangawizi inafaa pia kutajwa, kwa kuwa watu wanaiuliza: ipo mifano ya tafiti ambamo ilisaidia siku ya kwanza, na chai yake haina ubaya kwa walio wengi, lakini anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Ndimu ya kunusa sina utafiti wa kuitetea nao. Nimeona tu inavyoshikwa.

Mbali na kile cha siku ya dripu na kile cha siku zinazofuata, kuna kichefuchefu cha aina ya tatu, ambacho kinanisikitisha kuliko vyote. Hakitoki kwenye dawa; kinatoka kwenye kumbukumbu. Baada ya mizunguko kadhaa mwili hujifunza. Mama mdogo alianza kuchafukwa na moyo kabla ya sindano kuingia, akisikia tu harufu ya spiriti. Kisha ikawa getini. Kisha kwenye daladala, tukifika tu kona ambayo bahari inaanza kuonekana, na yeye ni mtu aliyeipenda bahari maisha yake yote. Madaktari wanaijua hali hii. Wapo wagonjwa wanaotapika miaka baadaye wakikutana na nesi wao sokoni. Ondansetroni haifui dafu hapa, kwa kuwa hakuna serotonini ya kuzibiwa mlango. Njia bora ni kuzuia kichefuchefu vizuri tangu mzunguko wa kwanza, mwili usipate cha kukumbuka. Kikishaingia, kinachosaidia ni mambo ya utulivu: kupumua taratibu, kusikiliza kitu, dawa ndogo ya wasiwasi ikibidi. Sisi tulianza kubonyeza tangu kituoni Mbagala, kabla ya kupanda. Sijui kama kilichomsaidia ni kituo cha P6 au ni kuwa na kitu cha kuhesabu badala ya kuhesabu vituo vya daladala. Alifika. Kuna siku alinyang'anya mkono akasema, "Niache, leo sitaki kushikwa," na hiyo nayo ilikuwa haki yake.

Lazima niseme na ya tahadhari, kwa kuwa kitu kisicho na bei husambaa bila maelezo. Mwanamke aliyetolewa tezi za limfu kwapani, mkono wa upande huo usibonyezwe kwa nguvu, na ukiwa umevimba usibonyezwe kabisa. Utumike wa pili. Damu ikipimwa na chembe sahani zikaonekana ziko chini, ngozi hupata madoa meusi kwa kubonyezwa kidogo tu, kwa hiyo mkono uwe mwepesi au usubiri. Penye kanula, kidonda au mshipa uliochomwa na dawa, usipaguse. Na si kila kichefuchefu ni cha tibakemia. Ondansetroni yenyewe hufunga choo, na choo kilichofunga siku nyingi huchafua moyo. Utumbo ulioziba, saratani iliyofika kwenye ubongo, chumvi za damu zilizovurugika, vyote huleta kichefuchefu. Asiyeweza kubakiza hata maji tumboni kwa siku nzima aende hospitali. Mwenye homa ya nyuzi 38 na zaidi katika siku za tibakemia aende saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Hapo hakuna cha kubonyeza.

Na wapo wauzaji. Mgonjwa wa saratani hafiki mbali bila kukutana na mtu mwenye chupa. Mama mdogo aliambiwa na jirani mwenye nia njema kabisa aache dripu kwa sababu "zinammaliza", anywe majani fulani. Kinachonifanya niiheshimu akupresha, kama alivyofundishwa yeye, ni kwamba haikudai kitu ambacho si chake. Nesi yule alimwambia mapema: hii haigusi ugonjwa, hii ni ya moyo kuchafuka tu, na siku nyingine haitafanya kitu. Tiba inayotaja mipaka yake tangu siku ya kwanza haimwachi mgonjwa njia panda siku inaposhindwa.

Mama mdogo alimaliza mizunguko yake, akaendelea na mionzi. Siku moja kwenye benchi la kusubiri alikaa karibu na binti aliyekuja na mumewe kutoka Lindi. Binti alikuwa ameinama, paji la uso kwenye magoti. Mume alikuwa amesimama mbele yake na faili mbili, anamwangalia kisogo.

"Shikamoo mama," alisema yule kijana alipoona anaangaliwa.

"Marahaba. Ametapika?"

"Hapana, hajatapika."

"Sikuuliza kwa ubaya. Mwanangu, lete mkono."

Binti alitoa mkono bila kuinua kichwa. Mama mdogo alipanga vidole vya binti mwenyewe, akamwambia akunje ngumi. Ilitokeza kano moja tu. Akamgeuza, akajaribu mkono wa pili, ikawa vivyo hivyo, akaniangalia. Nikamwambia wapo watu wa namna hiyo, apapase katikati, usawa wa kidole cha kati. Akapapasa. Binti akasema, kwa sauti ya ndani ya magoti, "Hapo." Mama mdogo akachukua kidole gumba cha yule kijana, akakiweka, akakibonyeza kwa kidole chake juu yake ili ajue nguvu inayotakiwa.

"Muulize kwanza kiko ngapi, mpaka kumi," alisema. "Ukimaliza muulize tena. Uandike, daktari ataitaka."

"Na vidonge?" kijana akauliza.

"Vidonge vyote, kwa saa zake, usiruke hata kimoja. Hiki ni cha katikati, zamu ya kidonge ikiwa bado haijafika."